Hodi kwenye Banda la Farasi

Ndugu zangu, leo twendeni mpaka mlango wa banda moja. Kulikuwa na daktari mtafiti aliyetengeneza dawa ya sumu ya nyoka. Mnajua inavyopatikana? Farasi anachomwa sumu kidogo kidogo, mwili wake unajifunza kuishinda, kisha dawa inatolewa kwenye damu yake. Daktari huyu alikuwa na farasi jike, namba saba, aliyetoa damu miaka tisa.

Banda lilitunzwa na mama mmoja. Kila asubuhi alisimama mlangoni akaita, "Hodi!" Hakuingia mpaka farasi ageuze kichwa. Daktari alicheka mpaka machozi.

"Mama, unadhani atakukaribisha?"

"Hasemi, daktari, ila anageuka. Nangoja nisimshtue. Hapa ni kwake."

"Kwake? Huyo ni chombo cha kazi, kama chupa zangu. Na sasa amechakaa. Jumatatu anapigwa sindano ya mwisho."

"Apewe tu majani na kivuli, baba. Ametoa vya kutosha."

"Hatufugi wastaafu hapa, mama."

Jumamosi daktari alikuwa anamkamua kifutu sumu, kazi aliyoizoea kama kunawa uso. Nyoka akamponyoka, akamng'ata kidole. Mkono ukavimba hadi begani. Wenzake wakaja mbio na kichupa cha dawa, na juu yake akaona mwandiko wake mwenyewe: Farasi namba saba.

Hebu fikirini! Kilichotoka kwenye damu ya yule mnyama kikaingia mshipani mwake, kikaanza kumpigania, wala hakikuuliza huyu alisema nini juzi. Nani aliyeweka jambo hilo ndani ya farasi? Mimi nikiliwaza, mwili unanisisimka.

Jumatatu, mkono ukiwa kwenye bandeji, aliomba apelekwe bandani. Mama alikuwa mlangoni analia. Daktari hakuingia.

"Hodi," akasema. Akangoja. Farasi akageuka. Ndipo akatoa mfukoni karatasi ya amri ya kumuua, akaichana kwa meno, maana mkono mzima ulikuwa mmoja tu.

Na sisi je? Tumechanjwa, tumemeza vidonge, watoto wetu wamepona. Sisemi tusitibiwe. Nauliza: huyo mnyama aliyechomwa sindano kwanza ili mimi na wewe tuamke leo, tumewahi kusimama mlangoni kwake? Kabla hujanyoosha mkono kuchukua kwa kiumbe wa Mungu, piga hodi. Na ukishapiga, ngoja ageuke.