Hamali Aliyesamehe Kabla ya Kuumia

Tumesimuliwa na waliotutangulia, nami nawapa kama nilivyopokea bila kuongeza chumvi, kwamba katika bandari moja ya Bahari ya Shamu aliishi hamali mcha Mungu akiitwa Dhakwani. Mahamali wa bandari ile walikuwa na ada yao. Kabla ya kupandisha mzigo mzito kwa kapi hadi ghorofa ya ghala, walishika kamba wote pamoja wakaombana radhi. Huyu husema, "Nisamehe," na yule hujibu, "Nimekusamehe, duniani na akhera." Ndipo wavute. Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari, na hakuna aliyetaka kufa na kinyongo.

Siku moja tajiri Khazimu, mwenye ghala, alishuka mwenyewe akaishika kamba pamoja nao. Hakuwa na desturi hiyo. Mahamali wakatazamana.

"Leo bwana mkubwa anataka kuvuta!" mmoja akatania. "Mpisheni, asije akachafua kanzu."

Khazimu hakucheka. Akasema, "Nisameheni." Wakamjibu wote, na Dhakwani akaitikia kwa sauti kuliko wenzake, maana aliona huo ni unyenyekevu mkubwa kwa mtu wa cheo kile.

Walipovuta, kamba ikakatika. Robota la ngozi likamwangukia Dhakwani, mguu wake wa kulia ukasagika hata matabibu wakaukata chini ya goti.

Nafasi yake ghalani ikapewa mwingine. Khazimu akampelekea kikapu cha tende na salamu za pole, basi. Bi Rayta, mkewe Dhakwani, mwanamke wa swala na funga, akasema, "Baba Rafii, nenda kwa kadhi ukadai. Sharia imeuwekea mguu fidia yake."

"Nitadai vipi, mama? Nilishamsamehe. Duniani na akhera, kwa ulimi wangu huu."

"Sema hukukusudia."

"Nilikusudia."

"Haya, watoto watakula hiyo nia yako?"

Tangu hapo Dhakwani akawa njia panda. Akiazimia kudai, humjia kwamba anavunja neno alilolitoa mbele ya Mola wake. Akiazimia kunyamaza, huwaona wanawe wakigombea ukoko. Akauliza watu msikitini. Mmoja akamwambia asubiri, ujira wake uko peponi. Mwingine akamwambia anayenyamazia haki yake anamsaidia dhalimu. Wote wawili walikuwa wameshiba. Akatoka amechanganyikiwa kuliko alivyoingia, hata katika swala akawa hajui yuko rakaa ya ngapi.

Mwishowe akajikongoja kwa magongo hadi kwa kadhi, si kudai, bali kuuliza. Kadhi akaagiza Khazimu aitwe.

"Dhakwani," akasema kadhi, "ulimsamehe mtu huyu kabla ya mzigo kupanda?"

Nyuma ya wanaume waliokuja kusikiliza, Bi Rayta akakohoa. Dhakwani alikijua kikohozi kile na maana yake.

"Ndiyo, maulana. Nilimsamehe, na moyo wangu ulikuwemo."

Watu wakaguna. Bi Rayta akajifunika uso kwa mtandio. Kadhi naye akashika ndevu: ada ni ada, neno limetoka, na mguu nao haupo.

Khazimu alikuwa ameshinda. Angeweza kujiendea zake. Lakini alisimama palepale.

"Maulana, niulize na mimi. Niulize kwa nini siku ile nilishuka kushika kamba."

"Kwa nini?"

"Niliiona kamba imeoza. Wanunuzi walikuwa wananingoja, nikaona kutafuta mpya kutanichelewesha. Nikasema moyoni, nikiomba radhi nitasalimika mbele ya Mungu. Sikudhani mtu huyu atasema kweli ya kujiangamiza mwenyewe. Nimeshindwa kunyamaza."

Kadhi akakasirika. "Umemwomba msamaha wa jambo ulilomficha! Mtu hasamehe asichokijua. Utalipa fidia ya mguu kamili, utamtunza mpaka apate kazi anayoiweza, na kamba zako zitakaguliwa na mahamali wenyewe kabla ya kila mzigo."

Dhakwani aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Maulana, sijaelewa. Kwa hiyo nimemsamehe au sijamsamehe?"

"La kamba kuoza umelijua sasa hivi. Hilo bado limo mkononi mwako."

Khazimu akapiga magoti mbele ya magongo. "Nisamehe, ndugu yangu. Safari hii unajua unachokisamehe."

Dhakwani akaegemea magongo yake.

"Sijui, Bwana Khazimu. Wallahi sijui. Nipe haki yangu kwanza, watoto wapate kula. Halafu uje nyumbani uniulize tena."

Ndugu zangu, sikusimuliwa kama alisamehewa, na siwezi kuwatungia. Ninachokijua ni kwamba wapo wanaokimbilia kumwambia aliyevunjika kazini, "Subiri, samehe," kabla hawajamuuliza kwake kumepikwa nini. Waniwie radhi, hayo si mawaidha. Subira ni ibada ya aliyeumia. Aliyemuumiza, ibada yake ni kulipa.