Maneno Aliyotumwa Bi Sikudhani Pimbi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, enzi zile kifaru ana nyumba yenye mlango na nyati anatandika jamvi kupokea wageni, kulikuwa na kilima cha mawe, na chini ya kilima kulikuwa na chemchemi. Moja tu! Upana wake kama ungo. Lakini maji yake matamu, na hayakauki.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mto ukabaki mchanga. Majani ukiyashika yanavunjika, kacha, kama maganda ya karanga.

Basi Bwana Kifaru akajenga nyumba upande wa juu wa chemchemi. Mzee Nyati akajenga upande wa chini. Kila mmoja akasema, "Maji haya yangu!" Wakagombana, wakaapa kutosemezana mdomo kwa mdomo mpaka mmoja afe. Na wanyama wadogo wa kilimani wakaambiwa neno moja tu: anayesogea, anakanyagwa.

Sasa huko kilimani aliishi Bi Sikudhani, pimbi. Mfupi, mnene kidogo, mkia hana. Lakini akitembea shingo juu, utadhani amebeba mtungi kichwani. Mama yake alikuwa mjumbe, na bibi yake alikuwa mjumbe, na yeye ulimi huo aliurithi ukiwa mzima.

Na nchi ile, sikilizeni vizuri, ilikuwa na desturi. Mjumbe akitumwa, kwanza anarudia maneno mbele ya aliyemtuma, ionekane ameyashika. Akifika anakokwenda, hasemi kitu mpaka apewe kata ya maji anywe, kwa sababu waliamini koo kavu linakwaruza maneno ya watu. Na kibuyu chake kinajazwa, maji ya njiani. Hata mkiwa maadui, mjumbe lazima anywe. Aliyemnyima mjumbe maji alichekwa mpaka wajukuu wake.

Siku moja Bwana Kifaru akatoka mlangoni, akapiga kelele. "Nataka mjumbeee!"

Nani aende? Mjumbe wa mwisho alikuwa Tumbili. Alipeleka maneno kama yalivyo, Nyati akamrusha kwa pembe, fyuuu, mpaka juu ya mgunga. Alikuwa bado anachomoa miiba.

"Mimi nitakwenda," akasema Bi Sikudhani.

Shoga yake, Bi Kanga, akaangua kicheko, kre-kre-kre-kre! "Wewe? Shoga, yule akipiga chafya tu unafika kwenu!"

"Nitafika kwetu na kibuyu cha maji. Wanangu tangu juzi wanalamba mawe. Na wako?"

Bi Kanga akamtwika kibuyu begani. Wake walikuwa wanalamba mawe pia.

Bi Sikudhani akateremka, kibuyu begani. "Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Nani huyo anaongea? Aa, uko chini. Nenda kamwambie yule bonge la pumba, Nyati: toka kwenye maji! Kesho jua likichomoza nisione hata ukwato wake. Asipotoka, nitamtoboa! Haya, rudia!"

Bi Sikudhani akavuta pumzi, akafura mashavu, akatoa sauti ile ile nzito: "Yule bonge la pumba, Nyati: toka kwenye maji! Kesho jua likichomoza nisione hata ukwato wake. Asipotoka, nitamtoboa!" Na mkoromo juu yake: "Ghrrr!"

Kifaru akaruka nyuma. "Mh! Hata mkoromo?"

"Mkoromo nao ni neno, Bwana. Kwetu hatuachi kitu."

Akaondoka, chapa chapa. Lakini njiani akaanza kupunguza mwendo. Akaiangalia ile chemchemi, upana wa ungo. Akawaza: nikiyafikisha haya hivi hivi, Nyati atakuja, Kifaru atakuja, kwato nane, gudu gudu gudu! Jioni hakuna maji, kuna tope. Watakaokufa si hao wakubwa. Wao miguu wanayo, watahama. Ni wanangu.

Akafika kwa Mzee Nyati. Akapewa kata, akanywa, glu glu glu. Kibuyu kikajazwa. Akajifuta mdomo taratibu.

"Haya, sema!" Nyati ameshainamisha pembe. "Amenitukana nini leo?"

"Bwana Kifaru anakusalimu. Anauliza umeamkaje. Na anaomba, kama si usumbufu, kesho jua likichomoza umpishe kidogo kwenye maji."

Pembe zikainuka zenyewe. "Anaomba? Kifaru?"

"Anaomba, baba."

"Alisema tafadhali?"

"Alizisema mbili. Moja nimeidondosha nikikwepa miiba yako pale mlangoni."

Nyati akatazama huku, akatazama kule. Tangu azaliwe hajaombwa kitu. Watu walimkimbia tu. Akahisi kifua kinapanuka kama mlango wa zizi. "Basi, akiomba, mimi si mkorofi. Asubuhi anywe yeye. Mimi nitakunywa alasiri, jua la asubuhi lenyewe linaniumiza macho. Lakini muulize, hivi yule mwenye kichwa kama kisiki, nani alimfundisha adabu ghafla? Mama yake alishindwa! Rudia!"

Bi Sikudhani akarudia yote, hadi kisiki. Akapita kwanza kilimani, akamwaga kibuyu kwenye chungu. Wadogo wakamiminika, wakanywa mpaka masikio yakasimama. Kisha akateremka kwa Kifaru. Akanywa kata yake. Kibuyu kikajazwa.

"Anatoka, hatoki?" Kifaru akanguruma.

"Asubuhi ni yako, Bwana. Mwenyewe amekuachia. Na anauliza ni mama gani aliyekulea, ukatoka na adabu namna hii."

Kifaru akakaa chini, gubuu! Mitungi ikacheza.

"Anauliza habari za mama yangu?"

"Anauliza."

"Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mama yangu." Macho yakamlowa, yale madogo yake. "Mwambie... mwambie mama alikuwa na sikio moja lililochanika. Alikuwa hali mpaka mimi nishibe. Na nikilala alikuwa anasimama upande wa upepo. Utasema hivyo?"

"Nitasema hivyo hivyo," akasema Bi Sikudhani. Na haya, wajukuu zangu, hakuyagusa. Hayakuwa na mwiba.

Alipoyafikisha, kumbe ndani kwa Nyati alikuwa amelala mama yake, Bibi Nyati, kikongwe, pembe zimeshachakaa. Akainuka ghafla. "Sikio lililochanika? Mimi nilimjua mama huyo! Tuliogea tope moja tukiwa wasichana. We mjumbe, mwambie mwanangu Kifaru namwombea heri."

Ikawa hivyo. Amri ikitoka nyumba ya juu, inafika nyumba ya chini imeshakuwa ombi. Na ukimwomba mtu lazima akujibu, na jibu likija lazima urudishe shukrani, na shukrani nayo huwezi kuiacha iondoke hivi hivi. Kila neno kata moja, kila neno kibuyu kimoja. Kifaru anapaza sauti, "Mwambie afunge domo lake, kelele zake zinaniamsha!" Nyati anasikia, "Anauliza kama unalala vizuri, maana amekusikia ukiwa macho." Nyati anajibu, "Muulize yanamhusu nini!" Kifaru anasikia, "Anauliza na wewe je?"

Siku nzima Bi Sikudhani chapa chapa, juu chini. Kilimani chungu hakikauki. Na Bi Kanga, mdomo ule mnaujua, akazunguka nchi nzima: "Jamani, mmesikia? Kifaru kaomba! Nyati kashukuru! Waungwana wale!" Watu wakaanza kuwasalimu wale wakubwa kwa heshima, badala ya kukimbia. Nao wakaipenda heshima ile, wakanona nayo.

"Shoga," Bi Kanga akanong'ona, "siku wakijua?"

"Wakijua, watajua kazi yangu," akasema Bi Sikudhani. Lakini moyo wake haukutulia.

Siku ikafika. Bibi Nyati ndiye aliyeileta. Akasema, "Waungwana hawa wanatumiana salamu kama wachumba! Kesho asubuhi wakutane kwenye chemchemi, washikane mikono. Nataka nione kwa macho yangu kabla sijafa." Neno hilo nalo likafika kwa Kifaru limeshakuwa ombi la Nyati.

Asubuhi hiyo nchi nzima ikaja kutazama. Wadogo wamejaa juu ya mawe. Kifaru akatoka huku, amejipaka tope jipya. Nyati akatoka kule, mama yake nyuma yake. Wakasimama, chemchemi katikati yao.

Kifaru akakohoa kwa madaha. "Nimekuja kwa sababu ulinisihi, nami si mwenye roho ngumu."

"Nilikusihi?" Nyati akashtuka. "Wewe ndiye uliyeniomba nikupishe! Na tafadhali mbili!"

"Mimi niombe? Mimi? Mimi naamuru!"

"Unamwamuru nani?"

"Wewe!"

Ku! Ku! Ku! Ukwato ukachimba chini. Vumbi, fuuu! Jiwe la ukingo wa chemchemi likabiringika, puluu, maji yakaingia matope. Kilimani watoto wakalia, wiii!

"Mjumbeee!" wakanguruma wote wawili. "Njoo hapa! Tutakukanyaga mpaka uwe jamvi!"

Bi Sikudhani akateremka. Moyo tii, tii, tii. Lakini shingo juu. Akasimama katikati ya pua mbili, kila moja kubwa kuliko yeye.

"Mabwana," akasema, "kabla ya kunikanyaga, nipeni haki yangu. Desturi inasema mjumbe akishtakiwa, arudie mbele za watu maneno aliyotumwa, kama yalivyotoka kinywani. Nianze na nani?"

"Na mimi!" akasema Kifaru. "Wote wasikie nilivyosema!"

Bi Sikudhani akavuta pumzi, akafura mashavu, na sauti nzito ikatoka: "Yule bonge la..."

"Khoo! Khoo khoo khoo!" Kifaru akapaliwa. Kwa sababu macho yake yalikuwa yameangukia kwa Bibi Nyati, aliyeogea tope moja na mama yake, na ameinama kwa hamu asipitwe na kitu.

"Bonge la nini, mwanangu?" Bibi Nyati akauliza.

"La... la muungwana, bibi. Bonge la muungwana. Basi, mjumbe, inatosha! Umefikisha sawasawa. Ndivyo nilivyokutuma."

Nyati akacheka, hohohoo! "Amekwepa! Mnaona? Haya, rudia na yangu!"

Sauti ikabadilika, ikawa ya Nyati mtupu: "Muulize, hivi yule mwenye kichwa kama..."

"Aa-aa-aa! Basi!"

"Kichwa kama nini?" Bibi Nyati akamgeukia. "We mtoto! Ulisema nini juu ya mwana wa marehemu rafiki yangu?"

"Kichwa kama... kama cha mfalme, mama." Jasho likamtoka. "Mjumbe amefikisha sawasawa. Kama nilivyomtuma."

"Kila neno?" Bi Sikudhani akauliza, polepole.

"Kila neno," akakoroma Kifaru.

"Kila neno!" akakoroma Nyati.

"Ninyi wa kilimani, mmesikia? Kila neno nililolisema ni lao."

"Tumesikiaaa!" Bi Kanga akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Bi Sikudhani akageuka, akawapa wale wakubwa mgongo wake usio na mkia, akawaelekea wadogo. Akapaza sauti mpaka mawe yakaitikia.

"Basi limebaki neno moja nililokuwa sijafikisha. Bwana Kifaru na Mzee Nyati wanawauliza: mbona hamji kunywa, maji yapo? Wanawaomba mshuke, asubuhi na alasiri, na watoto wenu. Na wanaamuru mtu yeyote asiwakanyage."

Wadogo wakasogea ukingoni mwa mawe.

Kifaru akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Kifaru. Wameshasema kila neno ni lao, mbele ya nchi nzima. Wafanyeje?

Bibi Nyati akapiga makofi, pa pa pa. "Wanangu! Kumbe mna roho kubwa hivi!"

"Mm," akasema Kifaru.

"Ndivyo..." akasema Nyati, "ndivyo tulivyosema."

Vigelegele! Wadogo wakashuka, poromo poromo, sange, digidigi, kindi, kanga na vifaranga vyake. Kifaru akasogea kushoto. Nyati akasogea kulia, tena akalirudisha lile jiwe la ukingo kwa pua yake, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Wakanywa mpaka matumbo yakalia ng'ong'o.

Na Bi Sikudhani? Akasubiri wanawe washibe, akainama akanywa kwa mdomo wake mwenyewe, bila kata ya mtu, bila kutumwa na mtu. Kisha akapanda kilima chake. Na wakubwa wote wawili wakageuza shingo kumsindikiza kwa macho mpaka akafika juu.

Basi shikeni hili, wajukuu zangu: mdogo anayejua kulifikisha neno huwashinda wakubwa wanaojua kulipigia kelele tu.

Hapo hadithi nimeitua, kibuyu chake kimejaa. Mwenye kiu na akinge mikono.