Vumbi la Shingoni mwa Farasi

Sogeeni, niwape ya Sultani Shihabu wa Kingoje, mji uliopenda sataranji hata wapishi wakaunguza wali kwa kutazama ubao. Basi mwaka mmoja akaja mashindanoni mgeni mrefu, hana kivuli, akawashinda wote, na wa mwisho alikuwa Faki, mume wa Mize, na kumbe mgeni ni jini Zunduri, na palepale akamgeuza Faki kete, farasi mweupe wa pembe, akamtia kibindoni akaenda zake.

Mize akalia mwaka mzima, na huku analia anajifunza. Mashindano yaliporudi, wakabaki wawili mbele ya sultani, yeye na jini.

"Binti wa watu, mumeo nampanga upande wako," jini akasema. "Ukinishinda naye yungali ubaoni, atainuka mwende kwenu. Akiliwa, ndo kaliwa."

"Panga basi! Maneno yote hayo, waogopa mwanamke?"

Watu wakacheka, jini akanuna. Wakacheza, na Mize akamla ndovu, akamla waziri, hata mfalme wa jini akabanwa pembeni, imebaki ngome ya Mize isogee mara moja tu.

Akanyoosha mkono. Na jicho likamwona farasi ana vumbi shingoni, na Faki Ijumaa hakuwa akitoka kwenda msikitini mpaka mkewe ampanguse kanzu. Akampangusa.

"Aliyegusa kacheza!" jini akapiga kofi. "Sheria yenu wenyewe!"

"Nampangusa tu, bwana! Mume wangu ana vumbi!"

Sultani akainamisha kilemba, kwani sheria ni sheria. Kete iliyoguswa sharti isogezwe, na farasi kila aendako analiwa. Mize akamweka taratibu, kama anayelaza mtoto, na jini kwa uroho akamla, akamsahau mfalme wake. Mize akasogeza ngome.

"Mfalme kafa," akasema, akamwokota farasi wake kando ya ubao.

Jini, kwa kuwa kashindwa, akafungika kumtumikia, akamletea lulu, akamjengea kasri, ila aliyeliwa hakuweza kumrudisha, na sultani akamposa kwa heshima zote.

"Mola akuweke, Sultani wangu. Mimi nina mume. Nipe neno moja tu: mchezaji akisema 'nampangusa' kabla hajagusa, asihesabiwe kacheza."

Akapewa. Na Kingoje husema hivyo mpaka leo, wala hawajui ni vumbi la nani. Na Mize, kila Ijumaa, humo kasrini mwake, humpakata farasi wa pembe.

"Nakupangusa tu, Faki," humwambia, kisha humtegea sikio.

Basi nanyi, wapanguseni watu wenu wangali wanajibu.