Chai ya Mama Siwema

Mtu mmoja alikuwa na kiwanda cha mashine za michezo ya video, jina lake Sengondo. Mashine yake ya kwanza ilikuwa kijisanduku kibaya, picha zake mabonge matupu, lakini watu waliigombania. Walifuata michezo iliyotungwa humo humo kiwandani, chumba cha nyuma, ambayo haikuchezeka kwenye mashine ya mtu mwingine yeyote. Sengondo alilijua hilo na halikumuudhi.

Kiwandani palikuwa na desturi. Mchezo mpya haukutoka mpaka Mama Siwema, mpishi wa chai, aucheze jikoni huku sufuria ya maziwa iko motoni. Maziwa yakifurika yakaungua naye hana habari, mchezo umeiva. Chai ikisalimika, mchezo unarudi chumba cha nyuma, hata kama umeshakula miaka miwili. Siku hizo wafanyakazi walikunywa chai yenye harufu ya moshi, wakacheka.

Mafanikio yakaja. Mashine ya pili ikaizidi ya kwanza nguvu, ya tatu ikaizidi ya pili, hata ukaona kwenye picha jasho likimtiririka mchezaji shingoni. Lakini sasa mchezo mmoja ulitaka watu mia tatu na miaka sita. Nani angethubutu kuurudisha nyuma? Sengondo akaingiwa na woga. Mwenye wazo jipya aliambiwa asubiri. Mchezo uliopendwa mwaka juzi ukatungwa tena, ukaongezwa namba. Ule wa zamani ukapakwa rangi upya. Na jikoni, bila kelele, likanunuliwa birika la umeme, lile linalojizima lenyewe kabla maziwa hayajafurika.

Wee! Watu si wajinga. Walinunua kwa mazoea, kisha kwa huruma, kisha mashine zikakaa sebuleni zimefunikwa vitambaa. Sengondo alijiona anazikwa pamoja na jina lake angali hai.

Asubuhi moja akauchukua mchezo mpya, ule aliouwekea matumaini yake yote, akaupeleka jikoni kwa mikono yake. Akaitafuta sufuria ya zamani, akainjika maziwa mwenyewe. Mama Siwema, mvi zimemjaa, akakaa akacheza. Sengondo akasimama mlangoni akimwomba Mungu amjalie kusikia harufu ya kuungua.

Kwenye kioo milima iling'aa, mito ikatiririka. Maziwa yakaanza kupanda. Mama Siwema akaiweka pedi ya kuchezea chini taratibu, akapunguza moto, akatia majani na sukari, akachuja, akammiminia kikombe, akamletea kwa mikono miwili.

"Chai tayari, mzee."

Sengondo akanywa. Tangu afungue kiwanda hajapata kunywa chai nzuri kama ile. Akakitua kikombe kikiwa nusu.

Nanyi mnaonisikiliza: siku mliponunua birika linalojizima lenyewe, mliogopa chai kuungua, au mliogopa kuona kwamba haiungui tena?