Kata ya Maji ya Maalim Shekuwe

Inasimuliwa na waliotutangulia kwamba asubuhi ile, katika ukumbi wa nyumba ya Maalim Shekuwe bin Lali, mjini Siyu, walikuwapo hawa: Maalim mwenyewe na mkewe, Bi. Mwanamize binti Athmani. Mgeni wao, Sheikh Sagafu bin Nuru. Na wanafunzi wake watatu: ndugu wawili wa tumbo moja, Bwanaheri na Mohamadi, wana wa Kombo. Na binti wa miaka mitano aitwaye Zena binti Vae, wala si Zainabu kama wasemavyo wengine.

Sheikh Sagafu alikuja na punda kutoka Faza kwa ombi la wazazi, akikague chuo cha Kurani cha Maalim. Walikuwa wakinung'unika kwamba watoto wao wamekaa chuoni miezi miwili na hata alifu, herufi ya kwanza, hawajaijua vizuri, ila kunawa tu. Sheikh akiridhika, chuo kingebaki. Asiporidhika, watoto wangeondolewa. Na Maalim hakujaaliwa mtoto wa kumzaa. Watatu hao ndio waliokuwa furaha ya nyumba yake.

Manung'uniko yale yalikuwa na ukweli. Lakini Maalim hakuwaamrisha watoto kunawa, wala hakuwakaripia. Kila asubuhi, kabla ya kugusa ubao wa kuandikia, alikwenda penye mtungi, akakunja mikono ya kanzu, akampa mmoja wao kata ya kuchotea maji na kumwambia kwa upole, "Nimiminie, mwanangu." Alisugua viganja, baina ya vidole na chini ya kucha, polepole, kama mtu anayesoma. Kisha akaishika kata yeye, akammiminia mtoto. Akitoka chooni, vivyo hivyo. Akikaribia chakula, vivyo hivyo. Hata watoto wakawa wanagombea zamu.

Siku ile alikuwa na wasiwasi. Alimpokea punda wa mgeni, akamfuta matope, akamfunga, kisha akaingia mbio, kwani sinia ya vitumbua ilikwisha kutengwa na Sheikh alikwisha kumega. Maalim akakaa, akanyoosha mkono.

Zena akamshika kanzu. "Maalim, bado."

"Bado nini, mwanangu?"

"Umeshika punda!"

Bwanaheri akaangua kicheko. Bi. Mwanamize akauma kidole kwa haya. "We Zena, nyamaza! Wamwaibisha mwalimu wako mbele ya mgeni?"

Sheikh Sagafu, mtu wa staha, akataka kumsitiri mwenyeji wake. "Usihofu, binti. Maalim ana udhu wake. Sivyo, Maalim?"

Neno moja tu, "naam," lingetosha, na mgeni mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Maalim akamtazama Zena. Mtoto alikuwa bado ameishikilia kanzu, akingoja kuambiwa kama alichokiona kwa macho yake ni kweli au si kweli.

"Sheikh wangu," akasema, "udhu sina, na hata ningekuwa nao, mikono hii imetoka kwa punda. Nimesahau. Mtoto amesema kweli." Akainuka, akampa Zena kata. "Nimiminie, mwanangu."

Zena akaishika kwa mikono miwili, ulimi nje. Nusu ya maji yaliishia kwenye kanzu ya Maalim.

Walipogeuka, Sheikh Sagafu alikuwa amesimama nyuma yao, amekiweka kando kitumbua alichokimega, mikono ya joho imekunjwa.

"Nami nimemwongoza punda huyo tangu Faza," akasema.

"Na chini ya kucha, Sheikh," Mohamadi akamkumbusha.

Alasiri Sheikh akakutana na wazazi. "Alifu wataijua, inshallah," akawaambia. "Mwacheni Maalim na watoto wake."

Ndugu zangu waumini, mtoto mdogo hutazama mikono yetu kabla hajasikia maneno yetu. Lau Maalim angeilinda heshima yake kwa neno lile moja, Zena angejifunza siku hiyo kwamba kunawa ni kazi ya wadogo, na kwamba kweli hukomea mgeni anapoingia. Mwenyezi Mungu alimhifadhi na hilo.

Miaka mingi baadaye, Maalim alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, Zena binti Vae alimjia kila asubuhi na kata ya maji, wanawe wawili nyuma yake wakigombea zamu. Asubuhi moja walimkuta Bi. Mwanamize amekaa kizingitini. Maalim Shekuwe bin Lali alifariki siku ya Jumatano, tarehe tisa ya mfungo tano, yaani mwezi wa Safar.