Jina la Mtoto wa Vuai

Sogeeni niwape fumbo hili, na msikimbilie kujibu, maana mimi mwenyewe limenishinda.

Palikuwa na wanaakiolojia watatu, wote wanawake. Riziki alikuwa na macho, hapitwi na mkwaruzo. Zuwena alikuwa na pua. Mwanapili alikuwa na kumbukumbu, chombo akikiona mara moja hakimtoki.

Basi Vuai, mlinzi wa magofu, akakamatwa. Mtungi mkuukuu ulikutwa mlangoni pake, akaambiwa amefukua kaburi la kale. Mkewe Mize alikuwa mjamzito. Vuai akaapa mbele ya watu, "Atakayeniokoa na jela, mwanangu atabeba jina lake."

Mahakamani, Riziki akaukagua mtungi kwa lenzi. "Nakshi hizi zimechongwa kwa mashine. Mkono hauendi kina kimoja mwanzo hadi mwisho."

"Huenda mtungi ni wa kale, nakshi ni za juzi," akasema hakimu.

Zuwena akalowesha pamba kwa spiriti, akafuta tope, akanusa. "Gundi. Udongo wa kaburini hauhitaji kubandikwa."

Hakimu akakuna kichwa. "Hata cha kale wauzaji hukipaka tope."

Mwanapili akauzungusha. "Huu umeigwa kwenye picha ya mtungi wa makumbusho. Ule una kishikio mbele na nyuma. Nyuma picha haionyeshi, ndiyo maana huu una kimoja."

"Mafundi wa kale nao hawakufanana," akasema hakimu.

Kisha akayaweka maneno yote matatu pamoja, na pamoja hakuweza kuyapinga. Vuai akaachiwa. Wiki hiyo hiyo Mize akajifungua msichana.

Siku ya kumpa mtoto jina, wote watatu walifika wamependeza, kila mmoja akimwita mtoto kwa jina lake mwenyewe. Vuai hajasema kitu, akaingia Bi Time mfinyanzi, analia.

"Nisamehe, baba. Mtungi ni wangu. Niliwaona polisi, nikautupa mlangoni kwako. Lakini na mimi unifikirie. Ningejua kuiga sawasawa, leo ungekuwa ndani."

Vuai akawageukia wale watatu, kisha Bi Time. Mize akakasirika, akambeba mwanawe akaingia chumbani.

Mtoto sasa anatambaa, na mpaka leo anaitwa "we mtoto". Namwonea huruma, lakini sijui nimshauri nini baba yake. Ahadi ilikuwa ya mtu mmoja, na jina ni moja. Je, wewe ungemwita nani?