Mume Aliyepiga Hodi Kwake

Hapo zamani, na msinitolee macho, sisemi zamani ya majini na wafalme. Nasema zamani ya juzijuzi, simu zimeshaingia vijijini na watu bado wanapiga hodi kwa midomo yao. Hapo ndipo palipokuwa na Mzee Vuai wa Mchangani, mwanamume mrefu, mcheshi, mwenye ng'ombe mmoja na mke mmoja. Ng'ombe akiitwa Malkia. Mke akiitwa Bi Mwanakombo. Nani alipendwa zaidi? Hilo silo swali la leo, tulieni.

Bi Mwanakombo akaanza kusahau. Kwanza akasahau kutia chumvi. Kisha akawa anaitia mara tatu. Akasahau siku, akasahau njia ya kisimani, akamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Halafu asubuhi moja Mzee Vuai ametoka kukama, ndoo ya maziwa mkononi, anasukuma mlango wa nyumba yake mwenyewe, akasikia kelele.

"We mwanamume! Huna adabu? Unaingia nyumba ya watu bila hodi, na mume wangu hayupo?"

"Mwanakombo, ni mimi."

"Mimi nani? Kila mtu ni mimi! Toka, urudi mume wangu akija."

Mwanamume mwingine angegomba. Angesema nyumba nimejenga mimi, tofali nimefyatua mimi. Mzee Vuai alitoka, akaurudisha mlango taratibu, akaweka ndoo chini, akapiga hodi. Kwao hodi ni tatu. Usipokaribishwa, unarudi ulikotoka, hata uwe nani. Akapiga ya kwanza, akapiga ya pili, akapiga ya tatu.

"Mwenye nyumba hayupo!" akajibiwa.

"Kaenda wapi, Bibi?"

"Kukama ng'ombe. Na ni mkali huyo, akikukuta hapa utajuta kuzaliwa."

Mzee Vuai, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumkaripia hata kuku, alishika mbavu kwa kucheka. Alicheka mpaka kwa mwanawe Faki, nyumba ya pili, na alipofika pale kicheko kikageuka kilio.

"Mke wangu ananifukuza kwa ajili yangu," akasema. "Mnaiona heshima hiyo? Lakini nataka kuingia kwangu, jamani. Nataka aniite Baba Faki, kama alivyoniita miaka arobaini na tatu. Basi."

Tangu siku hiyo akawa analala kwa Faki, na kila siku anarudi kwake kupiga hodi. Wakampeleka Bi Mwanakombo hospitali. Daktari, mwanamke mpole asiyekuwa na haraka, alimpima, akamwuliza maswali, kisha akawageukia.

"Huu ni ugonjwa wa kusahau, Alzaima. Dawa ya kuuondoa hatuna. Nitampa vidonge, vitamsaidia kidogo. Mengine mtaambiwa na watu, na mtaambiwa mengi! Nileteeni kwanza niyaone. La kumdhuru tutaliacha. Lisilomdhuru jaribuni, ila msimchoshe."

Wee! Waliambiwa mengi kweli. Mmoja akasema avikwe bangili ya shaba. Mmoja akasema alale kichwa upande wa mlango. Mmoja akaja na chupa ya maji ya kijani, haina jina, haina kizibo, ina harufu. Mzee Vuai akaweka sheria: hakuna kitakachoingia kinywani mwa mke wangu kabla hakijapita kinywani mwangu. Akayanywa yale ya kijani asubuhi. Mpaka adhuhuri alikuwa amekwenda chooni mara nane, ya tisa akaona hakuna haja ya kutoka.

"Hii," alisema kutoka ndani, "haitufai."

Ndipo akawaita watu wake watatu. Faki, mtoto wa kwanza. Zuwena, binti. Na Raya, mkamwana, mke wa mtoto wa mwisho aliyekuwa safarini; Raya ndiye aliyelala nyumba moja na mgonjwa.

"Nimechoka na dawa za wapita njia," akasema. "Nyie mnamjua mama yenu. Kila mmoja alete njia yake, daktari aione, kisha ajaribu wiki moja. Mmoja mmoja! Msichanganye, maana mkichanganya hatutajua kilichofaa. Na atakayemfanya mama yenu aniite Baba Faki nikapita mlango ule, huyo nampa Malkia."

"Malkia?" Faki akasimama.

"Malkia mwenyewe na kamba yake."

Wakaapa wote watatu, mmoja mmoja, hakuna kuchanganya.

Wiki ya kwanza ya Faki. Akaleta habasoda iliyosagwa na asali, daktari akaiona, akasema kijiko kimoja asubuhi, basi. Jioni akamsugua mama yake kichwa kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Bi Mwanakombo akaipenda asali, akalamba kijiko, akalamba na kidole cha Faki. Akala vizuri, akalala vizuri. Siku ya saba Mzee Vuai akavaa kanzu, akapiga hodi tatu.

"Mwenye nyumba hayupo," akajibiwa. "Lakini mgeni umekonda wewe. Kaa hapo nje uletewe uji."

Akanywa uji nje ya nyumba yake mwenyewe, akashukuru.

Wiki ya pili ya Zuwena. Huyu akaja na wanawake sita na ngoma mbili, wakapiga nyimbo za harusi za ujana wa mama yake. Bi Mwanakombo, ambaye hakukumbuka kama amekula, alikumbuka nyimbo zote. Na si beti za adabu tu! Alizikumbuka na zile wanazoimbiana wanawake milango ikifungwa, akaziimba milango wazi, kiuno anakikata, macho anayafumba.

"Mama! Baba yuko nje anasikia!"

"Mama yako nani? Piga ngoma!"

Siku ya saba, hodi tatu.

"Mwenye nyumba hayupo. Ila una sauti nzuri, mgeni. Ukioa utamfurahisha mtu."

Mzee Vuai alikuwa na miaka sabini na miwili, akaona haya mpaka masikio.

Wiki ya tatu ya Raya. Huyu hakuleta asali wala ngoma. Alileta miyaa ya kusukia mikeka, akakaa karibu na mama mkwe wake, akaanza kusuka vibaya. Vibaya makusudi! Bi Mwanakombo alivumilia pumzi mbili tu.

"Mwanangu, nani kakufundisha kuharibu hivi? Lete!"

Akaichukua. Vidole vikaanza kwenda vyenyewe, ukili ukatoka umenyooka, hana haja ya kuutazama. Akasuka asubuhi, akasuka jioni, akaacha kuzunguka nyumba akiwatafuta watu waliokufa. Siku ya saba, hodi tatu.

"Mwenye nyumba hayupo, na mimi nina kazi."

Hata kichwa hakuinua. Raya akajifuta machozi kwa kanga.

"Basi," akasema Mzee Vuai. "Mmejaribu, Mungu awalipe. Sasa mama yenu apumzike. Malkia abaki kwangu."

"Ndiyo, Baba," akasema Faki. "Ndiyo, Baba," akasema Zuwena. "Ndiyo, Baba," akasema Raya. Wote watatu walisema ndiyo, kumbukeni hilo.

Zikapita siku tisa. Ijumaa moja Mzee Vuai katoka kuswali, kapita kwake kama kawaida yake. Hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Ya tatu aliisema kwa uchovu, mguu umeshageuka kuondoka.

"Baba Faki! Hodi ya nini nyumbani kwako? Ingia, chai inapoa. Na mbona umezeeka hivyo?"

Jamani! Mzee Vuai aliingia na kiatu kimoja, cha pili alikipata kesho yake. Zuwena akapiga vigelegele, majirani wakadhani kuna posa wakaja wamejipamba. Bi Mwanakombo akamkalisha mumewe, akammiminia chai, akamwuliza habari za Malkia, akamgombeza kwa kofia yake kuukuu. Mzee Vuai akacheka na kulia pamoja, chai ikaingia puani. "Nimefurahi," alikuwa akisema, "nimefurahi mimi, nimefurahi." Wakakaa hivyo mpaka alasiri, mkono wake mkononi mwa mkewe. Kisha Bi Mwanakombo akasinzia, na watu wakatoka nje.

Na kule nje, vita!

"Malkia wangu!" akasema Faki. "Sikuacha hata siku moja. Kila asubuhi nilipita kwa siri nikampa kijiko chake. Mwili uliolishwa vizuri ndio unaokumbuka."

"Malkia wangu mimi!" akasema Zuwena. "Kila adhuhuri nilisimama dirisha la nyuma nikamwimbia. Ile sauti iliyomwita Baba leo nimeiamsha mimi."

"Malkia wangu," akasema Raya, polepole, "kwa sababu miyaa haijatoka mikononi mwake. Moyo wake umetulia, ndiyo maana umeona."

"Kumbe nyote mlichanganya!" akapaza sauti Mzee Vuai.

"Nyote ndio nani?" Faki akamaka. "Mimi niliendelea na yangu, wao ndio waliochanganya!"

"Basi kama si mimi," Zuwena akasema kwa hasira, "ni Baba mwenyewe! Miezi yote hii sauti yake mlangoni, hodi tatu kila siku, na hata mara moja hakumwambia umesahau."

"Baba hawezi kujishindia ng'ombe wake!" akasema Faki.

"Kwa nini asiweze?"

Jioni ile ile wakaenda kwa daktari, wote wanne, wakizungumza kwa pamoja. Daktari aliwasikiliza mpaka wakaishiwa pumzi.

"Sijui," akasema. "Siku nzuri huja kwa dawa, na huja zenyewe. Lakini ninachojua, mama amechoka. Kulishwa, kuimbiwa, kusukishwa, siku moja! Chagueni moja, mbili ziacheni."

"Basi," akasema Mzee Vuai, "atakayepata Malkia ndiye atakayeendelea. Wengine wawili wataacha, na safari hii kwa kweli."

Sasa haikuwa habari ya maziwa tena. Ukikosea kuchagua, umeifunga njia ambayo Baba Faki aliingilia.

Kesho yake, Mzee Vuai akavaa kofia mpya, akaenda kwake anaimba, akapiga hodi. Moja. Mbili. Tatu.

"Mwenye nyumba hayupo!"

Akajishika mlangoni. Lakini sauti ikaendelea.

"Alikuja jana. Alikunywa chai hapa, vikombe viwili, akacheka mpaka akalia. Nilifurahi sana kumwona. Kwa hiyo wewe mgeni usinizoee!"

Mzee Vuai alikaa chini pale pale kizingitini. Mwanamke asiyekumbuka kama amekula leo, ameikumbuka jana! Ameihifadhi yote, na vikombe akavihesabu, na kwa jana hiyo hiyo anamfukuza aliyekuwa naye. Akacheka mpaka Malkia akalia zizini, watu wakatoka majumbani. Faki akaja mbio, Zuwena akaja mbio, Raya akafungua dirisha.

Na Mzee Vuai akaenda zizini, akaifungua kamba, akarudi na ng'ombe wake uani, akasimama katikati yao, anafuta macho, hajui aende upande gani.

Haya, nyie mnaokaa hapa mkinichekea, kamba ile mngeipeleka wapi? Kwa Faki aliyelisha mwili, au Zuwena aliyeamsha sauti, au Raya aliyetuliza mikono, na wote watatu wamevunja kiapo? Kwa Mzee Vuai, ambaye hakuacha kupiga hodi? Au kwa Bi Mwanakombo mwenyewe, aliyesahau kila kitu isipokuwa kwamba ana mume, akakaa mlangoni kumlindia nyumba? Je, kati yao, nani alistahili?